Leo Gari Lina Maji?

Kila asubuhi, zamu yetu inapoingia, mimi huchemsha chai. Mwenzangu Wembe hufungua makabati ya gari moja baada ya jingine na kutaja kilichomo kwa sauti ya muuza mitumba. Usukani, dereva wetu, hupanda kwenye kiti chake, hurekebisha vioo ambavyo hakuna aliyevigusa, hutazama geji ya maji, kisha huteremka kuja kunywa chai. Kikombe chake ndicho cha kwanza. Akionja husema sukari haitoshi. Nikiongeza kijiko, husema imezidi. Ndiyo salamu yetu.

Asubuhi ile nilikuwa na kijiko mkononi simu ya dharura ilipolia. Wembe aliacha shoka juu ya ngazi. Usukani alikuwa amekwisha kuwasha gari kabla mlio wa pili haujamalizika. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na simu.

"Zimamoto," nikasema.

"Samahani dada," akasema mama mmoja, taratibu, kama mtu anayeulizia duka limefunguliwa. "Leo gari lina maji?"

"Moto uko wapi, mama?"

"Bado haupo. Nauliza tu kabla sijaanza kukaanga."

Nikamwambia lina maji, limejaa. Akashukuru, akanitakia kazi njema, akakata.

"Wapi?" akauliza Wembe, mguu mmoja ndani ya buti.

Nikawaeleza. Wembe alicheka mpaka akakaa chini na lile buti moja. Usukani hakucheka. Alizima gari, akateremka, akakipita kikombe chake bila kukitazama. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye, lakini maneno yake aliyapeleka mbali, kwa Wembe.

"Mwambie huyo mwandishi, chai yake anywe mwenyewe."

Huyo mwandishi ni mimi. Kituoni wananiita Kimya, na jina limenikaa kama buti la saizi yangu. Chuoni niliwahi kusoma kazi yangu mbele ya darasa, nikamaliza, nikakaa, na mwalimu akaniomba nianze. Mdomo wangu ndivyo ulivyo. Mkono ndio msemaji. Kwa hiyo nina blogu, inaitwa *Mpira Ukikauka*, na humo nasema yale ambayo ningetakiwa kuyasema mbele za watu ningezimia.

Jina la blogu limetoka kwenye desturi ya kituo chetu. Tukirudi kutoka kwenye moto, tunaitandaza mipira ya maji uani ikauke, halafu tunakaa kando yake hivyo hivyo na masizi yetu, na kila mmoja anataja kosa lake la siku hiyo. Kosa tu. Sababu haziruhusiwi. Wembe husema sababu ni kosa lililooga likapaka mafuta. Ukishataja kosa, hakuna wa kukuuliza kwa nini, na wala wewe huelezi. Tukimaliza tunanawa mikono, tunaendelea na kazi. Nimeipenda desturi hiyo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ni mahali pekee duniani ambapo mtu anaruhusiwa kuzungumza kwa sentensi moja.

Sasa wiki iliyotangulia tulitembelewa na mgeni kutoka makao makuu. Mkuu wa kituo alitaka gari ling'ae. Bomba dogo la uani siku hiyo lilikuwa likidondoka tu kama pua ya mtoto, na bomba kubwa la kujazia gari lina nguvu ya kubandua rangi, basi tukaosha kwa maji ya tangi la gari lenyewe, tukijua tutajaza tukimaliza. Tuliosha gari. Tukaosha sakafu. Maji yalikuwa matamu mkononi, tukaosha na kuta. Wembe alichana nywele akijitazama kwenye mlango wa gari. Mgeni akaja, akazunguka, akagusa bampa kwa kidole, akatazama kidole chake, akatabasamu. Akaondoka. Vumbi la gari lake halijatua, simu ikalia: karakana ya seremala inaungua.

Tulifika tukimeremeta. Nilishika mdomo wa mpira, nikapiga magoti mlangoni, Usukani akafungua pampu. Maji yakatoka kwa nguvu, yakakohoa, yakakata. Nikageuka. Usukani alikuwa ameinamia geji, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefika kwenye harusi siku ya pili yake.

Majirani walileta ndoo. Gari la kituo cha pili likaja kumalizia. Hakuna aliyeumia, lakini seremala alipoteza nusu ya paa, na kitanda cha bibi harusi mmoja, kilichokuwa kimebakiza kupakwa vanishi tu, kikawa mkaa. Mkuu alipofika alimshika seremala bega akamwambia, "Pampu ilipata hewa, ndugu yangu. Mitambo hii." Seremala akaitikia kwa kichwa. Nani anaijua pampu?

Uani, kando ya mpira, Wembe alisema ngazi ameiweka upande wa upepo. Mimi nikasema nilisogea karibu mno kabla sijahakikisha maji. Usukani akatazama mikono yake akasema, "Nilisahau kujaza tangi." Tukanawa.

Jioni yake niliandika. Niliandika tulivyoosha, tulivyong'aa, tulivyofika bila maji. Sikutaja mtaa wala jina la mtu. Ila nilipofika kwa Usukani moyo uliniuma. Ni yeye aliyenifundisha kuushika mpira bila kubebwa nao. Siku yangu ya kwanza kwenye moto mkubwa nilitapika nyuma ya gari, naye akasimama mbele yangu akijifanya anatafuta spana, watu wasinione. Ningemwandikaje mtu huyo kwamba alisahau tu, kavu kavu? Nikaandika hivi: "Dereva wetu ameitumikia kazi hii tangu wengine hatujazaliwa, na umri umeanza kumchukulia kumbukumbu kidogo kidogo, kama mgeni anayeondoka na vijiko. Tusimlaumu."

Niliipenda sentensi ile. Niliona nimemfunika nayo kama blanketi.

Niseme pia kwamba Usukani hupaka ndevu zake rangi nyeusi, na kituo kizima, mpaka mimi ninayeweza kuwa binti yake wa mwisho, tunamwita kaka.

Makala ikasambaa. Sijui nani aliipeleka wapi, lakini kufikia mwisho wa wiki ilikuwa na maoni mengi kuliko makala zangu zote za nyuma zikifungwa pamoja, na wanawake wasionijua walikuwa wanapiga simu kabla ya kukaanga.

Siku ile ya chai iliyokataliwa ilikuwa ndefu. Tulikuwa tunakunja mipira, sisi watatu, umbali wa mkono mmoja.

"Mwambie aangalie mguu," Usukani akamwambia Wembe. "Mpira unapita."

"Kimya, unaambiwa uangalie mguu."

"Mwambie nimesikia," nikasema.

"Anasema amesikia."

"Mwambie vizuri."

"Anasema vizuri." Wembe akauangusha mpira. "Jamani, mimi niliajiriwa kuzima moto. Sikuajiriwa kuwa mnara wa simu."

Usukani aliukunja ule mpira hadi mwisho. Wembe akanisogelea, akashusha sauti, ingawa sauti ya Wembe ikishuka bado husikika ng'ambo ya barabara.

"Lakini na wewe, dada. Ya kwenye mpira si yanabaki kwenye mpira?"

"Seremala alikuwepo," nikasema. "Majirani walikuwepo na ndoo. Hayakuwa ya kwenye mpira."

"Aliona maji yamekatika. Hakuona tangi."

Mimi majibu yangu huja nikiwa naoga.

Mchana Mkuu akaniita ofisini. Mkuu wetu si mtu mbaya. Ni mtu anayependa karatasi zake zilale zimenyooka, na watu wake vilevile. Juu ya meza yake kuna kigari kidogo cha zimamoto cha bati, nacho hukifuta kwa leso anapofikiri. Alikuwa anakifuta.

"Kaa, binti yangu. Makao makuu wamesoma."

Nikakaa.

"Wamesoma wote. Nasikia mpaka mlinzi wa geti amesoma. Na unajua wameshika nini? Hawakushika tangi. Tangi ni langu, nitalijibu. Wameshika vijiko." Akavaa miwani, akasoma kwenye simu yake. "'Umri umeanza kumchukulia kumbukumbu kidogo kidogo.' Wananiuliza inakuwaje gari la zimamoto liko mikononi mwa mtu asiyekumbuka. Wanataka akabidhi funguo. Ahamie stoo."

Nilimwona Usukani stoo, kati ya rafu za glavu na kofia, akirekebisha vioo ambavyo havipo.

"Sikumaanisha hivyo, Mkuu."

"Najua hukumaanisha. Wewe una huruma, na huruma yako ina mwandiko mzuri. Sasa sikiliza. Kesho asubuhi watanipigia simu. Kama umeshaandika kwamba ulikosea, kwamba gari lilikuwa na maji ila pampu ilipata hewa, basi hakuna aliyesahau kitu. Na kama hakuna aliyesahau, hakuna wa kwenda stoo. Mistari mitatu tu."

"Lakini, Mkuu..."

"Ndiyo?" Akasubiri kweli. Aliweka hata leso chini.

"Hamna," nikasema.

Nyumbani nilimkuta mama amekaa katikati ya nguo zilizotoka kwenye kamba, anakunja kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu. Mama ndiye msomaji wangu wa kwanza. Hunisoma kwa sauti, na mimi nikiwepo, kama vile aliyeandika ni mtoto wa jirani.

"Huyu anasema wanawake hawajui kutunza siri," akasema. "Jina hana, amejiweka picha ya paka. Basi paka ndiye anajua kutunza siri? Huyu anasema unakiaibisha kikosi. Huyu anasema hongera dada. Huyu anasema mzee apumzishwe, alale. Huyu anaomba namba yako." Akavua miwani. "Huyu wa namba mjibu kwanza."

"Mama."

"Nimesema tu. Mbona uso umekunjamana kuliko hizi shuka?"

Nikamweleza habari za stoo na pampu. Alinisikiliza huku akikunja soksi, akizioanisha zisizofanana.

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka Usukani abaki kwenye gari."

"Basi andika pampu."

"Nimeandika njiani. Nikafuta. Nikaandika tena."

"Kwa nini ukafuta? Mistari mitatu haijawahi kuua mtu. Mwanangu, wewe mwaka mzima umeshindwa kumwambia jirani apunguze redio. Kila siku unaniambia, mama, labda anapenda muziki. Sasa leo ndiyo umepata ugonjwa wa kusema kweli?"

Alikuwa ananichokoza, najua, lakini swali lilikuwa la haki. Nikachukua simu, nikamtafutia maoni ambayo nilikuwa nimeyasoma mara nyingi tangu jana. Nikamwonyesha. Mama akayasoma, safari hii bila mbwembwe.

"'Mimi ndiye mwenye karakana. Tangu siku ile nawaambia watu niliona maji yameisha, wananiambia ni mshtuko, pampu ilipata hewa. Hata mke wangu ananiambia nipumzike. Nilianza kukubali. Asante kwa kuandika. Sasa najua macho yangu ni mazima.'"

Mama akairudisha simu polepole. Akachukua shati langu la kazi, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Paa limemuungulia," akasema, "halafu mnataka kumchukulia na macho."

Hakuniambia nifanye nini. Alisogeza tu rundo la nguo ili nipate pa kukaa, nami nikakaa nikaandika.

Niliandika hivi:

"Wasomaji wangu. Kwa mama aliyepiga simu leo: ndiyo, gari lina maji, kaanga kwa amani, ila usiiache sufuria ukaenda kumsikiliza jirani. Kwa mwenye picha ya paka: siri ninazo nyingi kuliko unavyodhani. Nimewakuta watu bila nguo, bila meno, na wengine na wageni wasiotakiwa kuwepo, nyumba zao zikiungua, na hizo nitazikwa nazo. Lakini hii ya gari letu ilitokea mbele ya mtaa mzima, na mwenye paa alikuwa wa kwanza kuiona. Nikiificha, ninachomwambia ni kwamba hakuona.

"Kwa wanaosema ninakiaibisha kikosi, nawaomba mfikirie jambo moja. Siku moja nitasimama chini ya dirisha lako. Moshi utakuwa umejaa, hutaniona, utasikia sauti tu, na tayari mnajua sauti yangu ilivyo. Nitakwambia ruka, tumekushikia. Hutakuwa na nafasi ya kuuliza. Utaruka kwa sababu aliyesema ni zimamoto. Sasa kama zimamoto huyo huyo alikudanganya kuhusu pampu, utaruka? Maji yakiisha tunaweza kuazima ndoo. Neno letu likiisha hatuna pa kuliazima."

Nikaishia hapo, kwa kuwa baada ya hapo ilibidi nimtaje Usukani, na mkono wangu, ule unaojua kusema, ukagoma. Sikuituma. Kila nilipotaka kubonyeza niliona zile rafu za glavu.

Asubuhi nilichemsha chai kama kawaida na nikamimina kikombe cha kwanza kama kawaida. Kikapoa mezani peke yake. Mkuu akaingia chumba cha chai, jambo ambalo halifanyi, akiwa amebeba simu ya ofisini na waya wake mrefu, akaichomeka ukutani, akaiweka mezani katikati yetu. Wembe alikuwa kwenye benchi. Usukani alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwetu.

"Watapiga sasa hivi," Mkuu akasema. "Nataka sote tusikie jibu moja. Binti yangu, umeandika?"

"Nimeandika. Bado sijaituma." Nikamnyooshea simu yangu.

"Soma wewe. Mimi miwani nimeiacha."

Miwani ilikuwa mfukoni mwake, inachungulia. Nilisimama.

"Wasomaji wangu," nikasoma.

"Sauti, Kimya," akasema Wembe. "Hata mende wa kabatini hajasikia."

Nikaanza tena. Kwa mama wa kukaanga Wembe alicheka. Kwa wasiokuwa na nguo akasema, "Ya kweli hayo, niliyaona." Nilipofika kwenye dirisha na moshi akaacha kucheka. Nilisoma mpaka mwisho, na mahali fulani katikati niligundua ninajisikia mwenyewe, kama mtu anayesikia hatua za mgeni ndani ya nyumba yake. Nilipomaliza, Mkuu alikuwa anatafuta leso, lakini kigari cha kufuta alikuwa amekiacha ofisini. Akafuta simu.

"Nzuri," akasema. "Na pampu iko wapi?"

"Haipo."

"Kwa hiyo umechagua."

"Sikuchagua stoo." Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyopanga, nikaiacha iende. "Mkuu, pampu siandiki. Tulimwambia yule seremala uongo ana kwa ana, na alikuwa ameanza kuuamini kuliko macho yake. Wewe ungekuwa yeye, siku tukikwambia toka ndani ungetoka? Na Usukani asiondolewe. Mtu akisahau mara moja si kwamba..."

"Ni maneno yako, binti yangu. Mimi sikusema habari za vijiko."

Ni kweli, yalikuwa yangu. Na simu ikalia.

Hakuna aliyeigusa. Mkuu aliweka kiganja juu yake kama mtu anayemzuia kuku. Nilimtazama Usukani. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, na ndevu zake, nilivyoziona kwa ubavu, zilikuwa zimepakwa rangi asubuhi ile ile. Kulikuwa na tone jeusi kwenye kola.

"Wembe," akasema bila kugeuka. "Mwambie huyo mwandishi..."

"Mwambie mwenyewe, kaka," Wembe akasema. "Leo mnara umeanguka."

Simu iliendelea kulia. Usukani akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu aikatae chai yangu alinitazama usoni.

"Hukuniuliza," akasema.

"Pale kando ya mpira haturuhusiwi kuuliza, kaka."

"Mpira ulikauka saa ile ile. Kesho yake ukaniletea chai, keshokutwa ukaniletea chai. Umesimama mbele yangu na kijiko, unaongeza sukari, unapunguza sukari. Ulishindwa kusema, kaka, hivi ilikuwaje?"

"Niliogopa nitakuumiza."

"Ukaona ni heri uandike nimezeeka."

"Nilikuwa nakutetea. Watu wasikulaumu."

"Afadhali wangenilaumu!" Wembe alishtuka, maana Usukani hapandishi sauti hata kwenye moto. "Nilipoona umeandika gari halikuwa na maji, nilisema sawa, ni kweli, na yule fundi alistahili kuambiwa. Hilo sikukasirika hata kidogo. Nikaendelea kusoma. Nikafika kwenye vijiko. Unajua ninachopata mtaani sasa? Wananipisha viti. Yule mama wa duka la pembeni ananiandikia ninachonunua, nisisahau njiani. Jana binti wa shule kanishika mkono kanivusha barabara. Mimi. Nimeendesha gari hili usiku na mchana, limejaa maji na watu, halafu navushwa barabara na mtu mwenye begi la katuni."

Wembe aliingiza uso ndani ya kikombe chake. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Nisamehe, kaka," nikasema. "Nilidhani. Sikujua, nikadhani, na nikaandika kama ninayejua."

"Ndiyo. Na wewe ndiye unayetaka watu waruke dirishani."

Ilinichoma, kwa kuwa alikuwa na haki. Mkuu alisema, "Jamani, simu," lakini kwa sauti ya chini, kama anayeomba ruhusa. Usukani alisogea mezani. Alikitazama kikombe chake cha chai iliyopoa, akatazama simu inayolia, akamtazama Mkuu, halafu akanirudia mimi. Akakohoa. Akagusa ndevu, akaushusha mkono haraka.

"Haya, niulize," akasema.

"Kaka," nikasema, "ilikuwaje?"

Wembe akatoa uso kwenye kikombe.

"Asubuhi ile naikumbuka yote," Usukani akasema. "Nakumbuka mpira wa kujazia nilikwisha kuushika mkononi. Nakumbuka mfuniko wa tangi nilikwisha kuufungua. Gari lilikuwa linawaka kwa kung'aa, jua limepiga mlangoni, nikasema acha nijipige picha moja na simu, nimeegemea hapa. Ya kwanza ndevu zikatoka za kijivu. Nikasogea kivulini nikapiga ya pili. Ya pili tumbo. Nikauweka mpira chini nipate mikono yote miwili. Nikarudisha na mfuniko, kwa kuwa ulikuwa unaharibu picha. Nilikuwa kwenye picha ya sita au ya saba mgeni alipoingia getini, nikasimama wima kama wengine." Akashusha pumzi. "Hiyo ndiyo uandike, na hao wa simu waambieni hivyo hivyo. Sikuwa nimezeeka siku ile. Nilikuwa nimejipenda tu."